Mji Unaouliza Mara Moja

Walioshinda walipewa kikombe. Sisi tulioshindwa tulipewa mji: tuutazame kutwa, tuusifie, kisha tuuache pale pale tulipoukuta. Nilimwambia dada yangu kwamba hilo si jambo dogo. Kikombe unapiga nacho picha, kesho yake kinaanza kushika vumbi juu ya kabati. Lakini mji mzima, nani amewahi kupewa mji mzima kwa kuburutwa kifudifudi? Dada Mashavu hakucheka. Alikuwa bado anatema mchanga wa uwanjani.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya kuvuta kamba, wawili kwa wawili. Mimi husimama mbele. Kazi yangu ni kuita mwito na kuwatania wapinzani mpaka wacheke, maana mtu anayecheka hana nguvu tumboni. Mashavu husimama nyuma, kamba imemzunguka kiunoni, visigino vimezama ardhini, na akishazama hivyo hata nyumba haimsogezi. Ni mchezo wa ajabu ukiufikiria. Katika michezo yote niijuayo, huu ndio ambao mshindi ni yule anayerudi nyuma, na anayekwenda mbele ndiye anayeliwa. Nimewahi kuufikiria nikiwa nimelala chali, nikaona kwamba huenda maisha yote ni hivyo ila hakuna aliyetuambia upande wetu ni upi.

Tulishindwaje? Kwa adabu. Mwamuzi aliuliza, "Mko tayari?" Dada yangu, mtu aliyelelewa akaleleka, akawageukia wapinzani akasema, "Tangulieni nyinyi wenzetu, sisi wageni tu." Wakatangulia. Tulipoinua vichwa tulikuwa tumeshauvuka mstari kwa matumbo, na watu wa mji ule wanapiga makofi taratibu, kama wanaokung'uta vumbi mikononi.

Mama yetu hakukitaka kikombe. Alichotaka alikisema mara tatu siku tulipoondoka: jikoni akifunga mkate wa kumimina kwenye kitambaa, mlangoni akinishika bega, na uchochoroni tukiwa tumeshampa mgongo. "Chuku, umemchukua Mashavu. Nirudishie Mashavu." Chuku ndiye mimi, jina la utani lililomeza lile la cheti. Mama husema jambo mara tatu: la kwanza la mdomo, la pili la macho, la tatu ndilo lake. Alijua anachokiogopa. Mimi napotea na kurudi kama paka, hakuna anayehangaika. Mashavu si wa kupotea. Mashavu akiambiwa asubiri mahali, atasubiri, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Hata safari yenyewe aliikataa nilipomwomba mara ya kwanza, akaikataa mara ya pili, akaikubali ya tatu huku akilalamika kwamba ninamsumbua. Kwa hiyo asubuhi ile ya matembezi nilijifunga ncha moja ya kamba yetu ya usumba wa nazi mkononi, na ncha ya pili akabaki nayo kiunoni kama alivyokuwa uwanjani. Nikamwambia watu watadhani ninapeleka ng'ombe mnadani. Akaniambia watadhani ng'ombe ndiye anayenipeleka mimi.

Mwenyeji tuliyepewa alikuwa mtu mwembamba, mwenye mwavuli ambao nadhani hajaufungua tangu aununue. Kila alipotugeukia alikuwa na umri mwingine. Alipotupokea alikuwa kijana. Kwenye kona ya kwanza akatugeukia na mvi. Kwenye kona ya pili ana chunusi za kubalehe. Sauti ilikuwa ile ile, laini, yenye heshima kubwa. Sijapata kukutana na mtu mwenye heshima kama yule, na namwombea Mungu asinikutanishe naye tena.

Nilimuuliza mbona jua la kwao limekaa tu utosini, halisogei.

"Liliulizwa kama linataka kutua," akasema. "Likasema bado."

"Lini hiyo?"

"Zamani."

Nikacheka. Nilidhani nimepata mtani mwenzangu.

*

Alitupeleka kwanza kwenye uwanja wa maji. Palikuwa na mifereji inayorusha maji juu kuliko minara, yanashuka kama pazia, na chini yake birika la mawe lililojaa mpaka ukingoni. Midomo yetu ilikuwa imepasuka. Mwenyeji akatugeukia, akauliza kwa unyenyekevu kama tungependa maji. Dada Mashavu akaweka kiganja kifuani, akasema asijisumbue, hatuna kiu kabisa.

Wewe unayesoma unajua hapo tulikuwa tumefika wapi. Tulikuwa kwenye ngazi ya kwanza. Mgeni hasemi ndiyo akiwa bado amesimama. Anasema msijisumbue, mwenyeji anasema jamani hata maji, mgeni anasema tumetoka kunywa sasa hivi, mwenyeji anakasirika kidogo kwa uongo, mgeni anasema basi kidogo tu, kinaletwa kikombe kimejaa, kinanyweka chote, kinajazwa tena. Hakuna anayedanganywa hapo. Ni kama hodi. Mtu hapigi hodi moja akaingia kama mwizi, wala hapigi moja akaondoka kama mwehu. Anapiga, anangoja, anapiga, anangoja. Na huyo wa ndani naye anajua ni ipi ya kuitikia. Sisi tumelelewa ndani ya kule kungoja. Nyumba yetu halisi imo mle, katikati ya hodi na hodi.

Mwenyeji akasema, "Vizuri." Akainua kidole. Maji yakakatika yakiwa hewani, birika likanyweka na ardhi kwa mlio wa mtoto anayemaliza uji, na mawe yakabaki makavu kana kwamba hayajawahi kulowa. "Hawakutaka," akamwambia mtu ambaye sisi hatukumwona. Tukaendelea na matembezi.

Kwenye bustani akauliza kama tungependa kukaa. Dada akasema tumekaa sana, miguu ina nguvu. Benchi likajikunja, likaingia ardhini kama kobe. Chini ya ukuta mrefu akauliza kama tungependa kivuli. Dada akasema jua ni baraka. Kivuli kikaondoka. Sisemi kilisogea, kilitoka ukutani, kikaenda zake, na ukuta ukabaki umesimama bila kivuli kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Hapo ndipo kicheko changu kilipoanza kukwama. Nilikuwa nacho bado, lakini kilikuwa kama mfupa wa samaki: hukimezi, hukitoi.

*

Hodi.

(Kimya.)

Hodi.

Nani?

Mimi.

Mimi nani?

Mimi tu.

Hivyo ndivyo tulivyojibu kwenye mlango wa jumba kubwa alikotupeleka baadaye. Kwetu jibu hilo linatosha. Sauti ndiyo jina. Bawabu wa jumba lile alifikiri kidogo, akasema, "Aa, Mimi wako wengi humu," akatufungulia.

Jumba lilikuwa la vitu vilivyokataliwa. Mwenyeji alitutembeza taratibu, mwavuli kwapani, na sasa alikuwa mzee kabisa. Kulikuwa na sahani za wali ambao bado ulikuwa unafuka moshi, na wali ule, alisema, una umri mkubwa kuliko babu zetu. Kulikuwa na vitanda vilivyotandikwa. Kulikuwa na mitungi, mablanketi, dawa, viti vya kila namna, na mlango mmoja umesimama peke yake katikati ya chumba, hauna ukuta, umefunguliwa nusu. Vyote hivyo watu waliulizwa kama wanavitaka, kwa lugha zao wenyewe, kwa upole, wakasema hapana asante.

Tukafika chumba cha mwisho, kikubwa kuliko uwanja tulioshindwa. Ndani yake mlikuwa na nchi. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Mlikuwa na kilima, na mto, na mashamba ya mihogo, na vijia vinavyokwenda visimani, vyote chini ya dari. Pembeni, kwenye kigoda kidogo, palikuwa na alama ya mtu aliyekaa muda mrefu akanyanyuka.

Dada Mashavu akauliza nchi hii nayo nani aliikataa.

"Haikukataliwa, ilitolewa," mwenyeji akasema. "Tulipofika, mzee wao alisimama kutupokea. Alisema, 'Karibuni, hapa ni kwenu.' Tukamshukuru. Tukakaa."

Kwenye historia ya kidato cha pili mwalimu alitufundisha kwamba wazee wetu walipoteza nchi kwa sababu hawakujua kusoma mikataba. Tulicheka sana darasani, sisi tunaojua kusoma. Nikiwa nimesimama mbele ya kile kigoda niliona kwamba mzee yule alijua kila kitu. Alijua mto unatoka wapi, alijua nani alizikwa wapi, alijua maneno anayopewa mgeni ili moyo wake utulie. Jambo moja tu hakulijua: kwamba kuna watu ambao ukiwaambia hapa ni kwenu, hawasemi hapana bwana, hapa ni kwako, sisi tunapita tu. Alingoja waseme hivyo. Nadhani alingoja mpaka kigoda kikaingia umbo lake. Na mimi tangu siku hiyo najiuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nianze kuandika kitabu hiki kisicho na kichwa wala miguu: nguvu ni kitu gani? Bunduki? Bunduki ni chuma, inashika kutu. Naanza kuogopa kwamba nguvu ni kuuliza mara moja. Mwenye nguvu ni yule anayeweza kulichukua neno lako la kwanza akaondoka nalo, wakati wewe bado unalitafuta la pili mfukoni.

Karibu na mlango wa kutokea palikuwa na mahali patupu. Sakafuni, kwenye jiwe, palikuwa na mashimo mawili madogo yaliyo sambamba, yamechimbika kwa uzito wa miaka. Nilivijua visigino vilivyoyachimba mara nilipoyaona. Nimeviona vikichimba uwanja wa shule, uwanja wa msikitini, uwanja wa mashindano. Nikayatazama mashimo, nikamtazama dada yangu, nikayatazama tena.

"Hapa pana mtu," mwenyeji akasema, "ila bado hajafika."

*

Nikamvuta Mashavu nyuma ya nguzo, nikamwambia sirini, bila utani hata chembe, jambo ambalo lilimshtua kuliko niliyoyasema. Nikamwambia huku wanauliza mara moja. Ukikitaka kitu sema ndiyo, pale pale, kabla hajafunga mdomo.

Alinitazama kwa huruma. "Nirukie kitu mara ya kwanza, kama mtu aliyelelewa na kuku?"

"Dada, maji yameondoka. Kivuli kimeondoka. Umeona."

"Nimeona wana haraka. Watu wa mjini wana haraka. Lakini mtu ni mtu, Chuku. Atauliza tena. Hakuna mtu asiyeuliza tena."

Nilibishana naye mpaka jasho likaniingia machoni. Alisema adabu si kanzu, huivui kwa sababu umefika mahali pengine pana joto. Alisema akiitikia mara ya kwanza atakuwa amewaambia watu wale kwamba hawaamini. Na hilo, alisema, ni tusi. Ukimkubalia mtu upesi maana yake unaogopa hatarudia. Ukimkatalia unampa nafasi ya kuwa mwema. Na ni kweli. Ni kweli kabisa, popote pale isipokuwa pale.

Nje ya jumba palikuwa na tanuri la mkate. Mwenyeji, sasa mtoto wa darasa la kwanza, mwavuli unaburuzika, akauliza kama tungependa mkate. Dada akasema tumeshiba, na tumbo lake likanguruma hadharani. Mimi nikasema ndiyo. Neno lilitoka kavu, lina ncha, kama jino linalong'oka. Nikapewa mkate wa moto mkononi, bila tabasamu wala karibu. Ulikuwa mtamu. Aibu yake bado ninayo kwenye ulimi.

Nikaukata nusu, nikamnyooshea dada yangu.

"Kula wewe," akasema.

"Kula, dada."

"Mimi nimeshiba, mdogo wangu, hebu kula."

"Dada, shika."

"Haya, kidogo tu." Akachukua, akaumaliza kwa matonge matatu, akalamba vidole.

Tulikuwa tumesimama katikati ya mji ambao hatuujui, jua limekataa kutua, kamba imelegea baina yetu, na kwa muda wa mkate mmoja nilikuwa nyumbani. Nataka uiweke picha hiyo mahali. Mimi nimeiweka. Nikiwa siwezi kulala huitoa nikaitazama, kisha nairudisha kabla haijachakaa.

Mwenyeji alikuwa ametukodolea macho. Kwa mara ya kwanza kutwa nzima uso wake ulitulia kwenye umri mmoja.

"Kwa nini ulimuuliza tena?" akaniuliza. "Alikuwa amekwisha jibu."

Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza hodi, nilimweleza ngazi, nilimweleza wali wa arusi ambao bwana arusi analishwa kwa nguvu. Alisikiliza kwa makini sana, kama daktari. Kisha akasema kwamba kwao kumuuliza mtu jambo ambalo ameshalijibu ni kumwambia kuwa neno lake halina thamani. "Sisi tunaheshimu neno la mtu," akasema. Na hakuwa anadhihaki. Hilo ndilo linalonivunja moyo mpaka leo. Angekuwa anadhihaki ningempata. Dhihaka ndiyo fani yangu.

*

Lango la kuondokea liko upande wa pili wa mji, au upande ule ule. Tulirudi mahali petu pa kwanza bila kugeuka. Ni lango la chuma, jembamba, linapita mtu mmoja. Kupitia nafasi yake niliuona uchochoro wetu. Usiniulize vipi. Niliuona ukuta wa jirani uliobambuka chokaa, niliona kuku wa mama, nilisikia ungo ukipeta. Nyumbani kulikuwa umbali wa mtu kunyoosha mkono, na moyo wangu ukaanza kuimba kabla sijaupa ruhusa.

Nilikuwa nimepanga. Njia nzima nilikuwa nikimnong'oneza dada yangu: akikuuliza kuhusu kurudi, sema ndiyo, niambie utasema ndiyo. Naye alikuwa akiniambia mwaka huu nimekuwa mzee. Nilipanga pia kwamba kama hatasema, nitamuuliza mimi mwenyewe, mara tatu, mbele ya lango, kama mkate, na atakubali ile ya tatu kama alivyoikubali safari. Kamba niliizungusha mkononi mara nyingine, ngumu, mpaka vidole vikafa ganzi.

Mwenyeji alimgeukia Mashavu kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alimshukuru kwa kuja. Alimsifu visigino vyake. Akauliza kwa sauti laini kuliko zote za siku ile:

"Tukurudishe nyumbani?"

Nilimwona dada yangu anavuta pumzi. Nilimwona akiutazama uchochoro, na macho yake yakalowa, kwa kuwa alitamani sana kwenda. Kisha nikauona mkono wake ukipanda kifuani, kiganja wazi, na nikajua.

"Aa, msijisumbue," akasema. "Mmeshahangaika na sisi kutwa nzima."

"Vizuri," mwenyeji akasema.

Nikamrukia. Nikamwambia amuulize tena, mara moja tu, jambo dogo, kwani litampunguzia nini. Alinitazama kwa masikitiko ya kweli, akasema hawezi kumvunjia heshima mgeni. Lango likaanza kusogea. Nikamgeukia dada yangu.

"Dada, twende."

"Tangulia tu, mdogo wangu. Nitafika."

"Dada, twende, mama anangoja."

"Nenda wewe, usinisubiri mimi. Hawa hawataniacha hivi hivi, watauliza."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa kwenye ngazi ya pili, mguu umeshainuka kwa ajili ya ile ya tatu. Nikafungua mdomo. Ile ya tatu ilikuwa imeshakaa ulimini, nzima, ina mate yake, na wakati huo huo mwenyeji akaniegemea sikioni akaniuliza kama na mimi ningependa kurudi nyumbani. Nami, ili aninyamazie, ili aniondokee sikioni, bila kumtazama, nikasema:

"Ndiyo, ndiyo, ngoja kwanza."

Ndiyo ilisikika. Ngoja haikusikika, kwa kuwa ilikuja baada ya jibu.

Sikusukumwa. Ni ardhi iliyonipitia chini, na nikajikuta upande wa pili, kisigino kwenye vumbi la kwetu, chuma mbele ya pua, na kamba ya usumba inapita kwenye mwanya. Nikaivuta. Nilivuta kama sijawahi kuvuta uwanjani, nikirudi nyuma hatua kwa hatua, na nilihisi uzito wake kule, ule uzito ninaoujua, umezama. Nikaita mwito. Nikaita kwa sauti yangu ya mashindano. Kamba ikakakamaa, ikalia. Viganja vyangu vikaanza kuchubuka, na nadhani alihisi, kwa sababu alikuwa akihisi kila kitu kupitia kamba ile. Hakupenda kumwumiza mtu. Kamba ikalegea taratibu, kwa upole, kama mtu anayekuachia njia. Nikaanguka chali.

Nilishinda. Nilirudi nyuma mpaka mwisho, na kwa sheria za mchezo wetu nilishinda.

*

Mama alikuwa mlangoni anapeta mchele. Alinitazama, kisha akaitazama kamba begani mwangu, akaifuata kwa macho polepole mpaka kwenye ncha yake. Usumba una kumbukumbu. Ncha ile ilikuwa bado imejiviringa, duara la ukubwa wa kiuno cha mtu, halina mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri," nikasema.

Ningesema nini kingine? Kwetu hata anayeleta habari za msiba husema nzuri kwanza. Habari za kwenu? Njema. Wote hawajambo? Hawajambo. Na mwenzio? Hapo ndipo mtu anapoinamisha kichwa, na wa upande wa pili anashika kizingiti. Ukweli una mlango wake na mlango wake ni swali la pili. Basi nikasimama nikingoja. Nilikuwa nimeshakiinamisha kichwa nusu.

Mama akautazama ungo. Akaurusha mchele, akaudaka. Makapi yakaruka na upepo, yakapita baina yetu.

"Haya," akasema. "Ingia ndani."

Hajauliza mpaka leo. Ile kamba aliifunga uani, kutoka kwenye mpapai mpaka kwenye dirisha la jiko, na huanikia juu yake kanga za Mashavu, ambazo anazifua ijapokuwa hakuna aliyezivaa. Mwanzoni nilimkasirikia. Sasa namwelewa, na kumwelewa ndiko kubaya zaidi. Maadamu hajauliza mara ya pili, Mashavu ni nzuri. Habari za Mashavu ni nzuri, nimezisema mwenyewe kwa mdomo wangu, na neno la mtu huheshimiwa. Kule hawaulizi tena kwa sababu ya heshima na huku hatuulizi tena kwa sababu ya hofu, na nikizipima kimya hizo mbili sioni tofauti, ni ukubwa mmoja, ni mji mmoja, sijui niliwahi kutoka lini. Najiuliza kama lango lile lilikuwa na upande wa pili kweli.

Na yeye amesimama kule. Jua liko utosini, visigino vinaingia kwenye jiwe, kiganja kifuani. Anangoja. Ana hakika. Watu wanapita wanamtazama, na kila anayepita yeye humtazama usoni kwa adabu, huenda ni huyu.

Jana asubuhi nilimkuta mama chini ya kamba, ameshika pindo la kanga, midomo imefunguka kidogo. Nikasogea. Nikasimama karibu kabisa, nikainamisha kichwa, nikamrahisishia. Akaliachia pindo la kanga.

"Utakunywa chai?" akaniuliza.

Nilikuwa na njaa, na harufu ya tangawizi ilikuwa imejaa uani. Lakini nilitaka kuona. Nikaweka kiganja kifuani.

"Aa, mama, usijisumbue."

Nikangoja. Kanga zilipepea, zikatulia. Mama akatikisa kichwa kwamba amesikia, akaingia jikoni, na nikasikia akilifunika birika.